SOMO LA KIKUNDI: NYUZI ZA GITA LA UMEME ZISIZOMALIZA SANDUKU

Katika kurasa hizi tumeshasoma pamoja juu ya ghala la mahindi, mbuzi wa maziwa na kitabu cha hesabu. Leo wengine watashangaa: ati nyuzi za gita? Ndiyo. Hesabuni vikundi vyenye gita la umeme kuanzia Malaba mpaka Busia. Kuna vya vijana, kuna kwaya, kuna hata akina mama wanaokodisha vyombo kwa harusi. Gita ni mali ya kikundi kama vile posho mill ni mali ya kikundi. Na mali ikilala, pesa nayo imelala.

Kinacholaza gita mara nyingi si gita lenyewe. Ni uzi mmoja mwembamba kuliko unywele wa mkia wa ng'ombe.

Katika somo hili tutaona ni nyuzi gani zinafaa, ni zipi za kuacha dukani, namna ya kuzifanya zidumu, na tena nani alipe. Hilo la mwisho ndilo linalovunja vikundi, kwa hivyo msiliruke hata kama hamna mpiga gita mkutanoni. Mweka hazina asome mwenyewe.

GITA LA UMEME LINASIKIA NINI?

Tuanze hapa, kwa sababu mtu akielewa jambo hili hataibiwa dukani.

Gita kavu, lile la mbao lenye tumbo, linatoa sauti kwa tumbo lake. Uzi ukitikisika, mbao inatikisika, hewa iliyo ndani inatikisika, nawe unasikia. Gita la umeme kwa kawaida halina tumbo la namna hiyo. Chini ya nyuzi zake kuna sumaku, na sumaku hizo zimezungushiwa waya wa shaba mwembamba sana, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo unatokea katika ule waya. Huo umeme ndio unaokwenda kwa amplifaya, na amplifaya inaukuza mpaka majirani wa ng'ambo ya mto wanajua leo kuna harusi.

Kwa hivyo gita la umeme halisikii uzi wowote tu. Linasikia chuma kinachovutwa na sumaku. Weka nailoni, hata iwe nzuri namna gani, amplifaya itanyamaza kimya. Wazee wetu wa Teso walipiga adeudeu, na majirani wana litungu na nyatiti, na siku hizi wengi hufunga nailoni ya kuvulia samaki kwenye vyombo hivyo na sauti inatoka tamu. Hiyo ni kwa sababu adeudeu ina tumbo. Kijana akikuambia afunge nailoni hiyo hiyo kwenye gita la umeme ili kuokoa pesa, mwambie pole pole kwamba haitalia.

Kuna jaribio rahisi. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Isogeze karibu na uzi unaotaka kununua. Ukivutwa, gita litausikia. Usipovutwa, rudisha.

Sasa hapa kuna jambo la kuokoa pesa ambalo wauza duka hawasemi. Nyuzi za gita kavu za chuma, zile nne nene, kwa kawaida zimezungushiwa bronzi. Bronzi haivutwi na sumaku. Lakini ndani yake kuna kiini cha chuma, kwa hivyo kwenye gita la umeme zinalia, ila kwa unyonge, kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Nyuzi mbili za juu, ule wa kwanza na wa pili, ni chuma kitupu katika seti zote mbili. Hakuna tofauti yoyote. Kama duka la karibu lina uzi wa kwanza wa gita kavu wa chuma na unene ni ule ule, nunueni bila wasiwasi. Kwa uzi wa tatu mpaka wa sita, subirini za gita la umeme. Katika hizo, wa tatu kwa kawaida ni chuma kitupu, na wa nne mpaka wa sita zimezungushiwa chuma kilichopakwa nikeli.

Na waya wa breki ya baiskeli? Naulizwa kila mara. Kote Afrika Mashariki na Kongo vijana waliojitengenezea magita ya debe na mbao walitumia nyuzi zinazotolewa ndani ya kebo ya breki, na wengine wakawa mafundi kweli kweli. Ni chuma, kwa hivyo hata gita la umeme litausikia. Lakini unene wake si sawa toka mwanzo hadi mwisho, kwa hivyo noti ya chini ikiwa sawa ile ya juu itakuwa imepotoka. Tena haukutengenezwa kukaa vizuri juu ya vyuma vidogo vya shingoni, na vyuma hivyo vikila, fundi wa kuvibadilisha hutampata Chakol wala Adungosi. Kwa gita la debe la mtoto anayejifunza, sawa kabisa. Kwa gita la kikundi, hapana.

NAMBA ZILIZO JUU YA PAKITI

Pakiti ya nyuzi ina namba, kwa mfano 10–46 au 9–42. Hiyo ya kwanza ni unene wa uzi mwembamba kuliko wote, ya pili ni ule mnene kuliko wote, ikihesabiwa kwa sehemu elfu moja za inchi. Kwa hivyo 10 ni karibu robo milimita, na 46 ni milimita moja na kidogo. Seti ya 10–46 kwa kawaida ina 10, 13, 17, 26, 36 na 46. Seti ya 9–42 ina 9, 11, 16, 24, 32 na 42.

Mtu anaweza kusema tofauti ya sehemu elfu moja ya inchi ni kitu gani? Ni kubwa. Nyuzi sita za 10–46 zikishatyuniwa zinavuta shingo ya gita kwa nguvu ya karibu kilo 47 kwa jumla. Hiyo ni zaidi kidogo ya nusu gunia la mahindi, gunia la kilo 90, na linaning'inia kwenye shingo ya gita usiku na mchana. Za 9–42 zinavuta karibu kilo 39. Sasa mnaelewa kwa nini gita la zamani lenye shingo dhaifu linapinda, na kwa nini vidole vya anayejifunza vinauma.

Zamani seti zilikuwa nene zaidi ya hizi. Huko California mwenye duka mmoja jina lake Ernie Ball aliona wanafunzi wanahangaika na uzi wa tatu, ambao wakati huo ulikuwa mnene na umezungushiwa waya. Mwaka 1962 akaanza kuuza seti zake nyembamba. Zile za 10–46 za kampuni hiyo bado zinauzwa dunia nzima mpaka leo.

Basi kikundi kichague zipi? Maoni yangu ni haya. Gita la kikundi halina mkono mmoja. Leo anapiga huyu wa taratibu, kesho yule anayepiga kama anachimba choo. Kwa mikono mingi namna hiyo, 10–46 inavumilia zaidi. Za 9–42 ni laini kwa vidole, lakini uzi namba 9 ukipigwa kwa hasira unakatika upesi. Ila kama shingo ya gita lenu imeshaanza kupinda, au wapigaji wenu ni wasichana wa shule wanaoanza, chukueni za 9–42 msijitese.

Mkishachagua unene, bakini nao. Gita hurekebishwa kufuatana na unene wa nyuzi zake: urefu juu ya shingo, vijia vya pale juu, daraja la chini. Kikundi kinachonunua 9 mwezi huu, 11 mwezi ujao kwa sababu zilikuwa za bei ya chini, kinajiletea shida ya sauti kupotoka halafu kinasema gita ni baya.

Kuna njia moja ya bure ya kupunguza mvuto. Tyunini nyuzi zote nusu noti chini. Mvuto unapungua kwa karibu asilimia 11, yaani zile kilo 47 zinakuwa karibu 42. Nyuzi zinadumu zaidi, vidole vinapumzika, na waimbaji ambao sauti haziwezi kupanda juu wanashukuru. Jambo la lazima ni kwamba gita la besi na la ridhimu nayo yashuke pamoja, na mwenye kinanda ajulishwe mapema, si wakati padre ameshaingia.

UZI UPI HUKATIKA?

Hapa nataka tukae kidogo.

Muziki wetu wa upande huu umepita mikono mingi. Fundi Konde wa Pwani alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gita la umeme. George Mukabi wa Kisa alipiga gita kavu kwa mtindo wa omutibo, na watu wa Magharibi bado wanamkumbuka. Halafu ikaja benga. D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufariki mwaka 2006, na wenzake wa benga walilifanya gita la solo likimbie juu kabisa ya shingo, likifuata namna nyatiti inavyopigwa. Vijana wetu wote wa solo wanapenda huko juu. Sasa fikirini: solo ya benga inaishi kwenye uzi wa kwanza na wa pili. Uzi wa sita unaguswa mara chache tu.

Kwa hivyo uzi wa kwanza hukatika mara nyingi kabla wa sita haujachoka hata kidogo. Na kikundi kinafanya nini? Kinanunua seti nzima. Nyuzi tano zinatupwa au zinapotea kwenye droo ya mtu.

Nyuzi za chuma kitupu huuzwa pia moja moja katika maduka mengi ya vyombo vya muziki. Mkiagiza seti, agizeni na uzi wa kwanza wa ziada, namba 10, tatu au nne, na wa pili, namba 13, mbili. Huo ndio ununuzi wenye akili kuliko wote katika somo hili. Uzi wa kampuni moja waweza kukaa na nyuzi za kampuni nyingine bila ugomvi, mradi unene ni ule ule.

Tena kabla ya kulaumu uzi, angalieni umekatikia wapi. Kama unakatika kila mara pale pale kwenye daraja, basi daraja lina ncha kali. Fundi apitishe msasa laini kidogo, au kipande cha uzi mnene wa zamani kivutwe huku na huku kwenye kile kijia mpaka kiwe laini. Kama unakatika juu shingoni, paka unga wa risasi ya penseli kwenye kijia, uzi uteleze. Kama unakatika kwenye kigingi cha kukazia, huenda aliyefunga aliukunja vibaya. Na kama unakatika katikati, pale unapopigwa, basi ni kutu au ni yule mchimba choo wetu.

Uzi uliokatika karibu na daraja si wa kutupwa upesi. Toeni ile pete ndogo ya shaba mwishoni mwa uzi wa zamani, pitisheni ncha iliyobaki, isokoteni vizuri kwa koleo kama mlivyoona upande ule mwingine, na mfunge tena. Hii inawezekana kama urefu unatosha. Kwenye gita lenye vigingi vitatu kila upande, kigingi cha uzi wa kwanza kiko karibu, kwa hivyo mara nyingi kuna urefu wa akiba. Kwenye gita lenye vigingi sita upande mmoja, kigingi cha uzi wa kwanza ndicho cha mbali kabisa, na hapo bahati inakuwa ndogo. Atakayenunua gita siku nyingine akumbuke hilo.

HESABU YA BEI

Bei za dukani zinapanda na kushuka, kwa hivyo nitatumia namba za mfano tu, ninyi muweke za kwenu.

Tuseme seti ya kwanza ni shilingi 400 na inamaliza harusi nne kabla ya sauti kufa. Kila harusi imelipa nyuzi shilingi 100. Seti ya pili ni shilingi 900 na inamaliza harusi kumi na mbili. Kila harusi imelipa shilingi 75. Ipi ni ya bei nafuu? Macho yanasema ya 400. Daftari linasema ya 900. Halafu ongezeni nauli. Kila mara mkienda kutafuta nyuzi mnalipa bodaboda na pengine matatu mpaka Kisumu au Eldoret. Seti ya 400 inawapeleka safari tatu wakati ile ya 900 inawapeleka moja.

Lakini msije mkafikiri kwamba ya bei kubwa ndiyo nzuri siku zote. Kuna seti zilizopakwa utando mwembamba wa kuzuia kutu na uchafu. Zinauzwa mara mbili au tatu ya zile za kawaida, na ni kweli sauti yake inadumu. Kwa mtu anayepiga nyumbani polepole, pesa yake itarudi. Kwa kikundi ambacho nyuzi zake zinakatika kabla hazijashika kutu, utando huo unasaidia nini? Mmelipia koti la mvua la mtu anayekufa kwa kugongwa. Vile vile nyuzi za chuma kisichoshika kutu zina sauti kali na zinadumu, ila zinakula vyuma vya shingoni upesi zaidi. Mimi ningebaki na zile za kawaida za nikeli.

Njia bora ya kushusha bei ni kuagiza pamoja. Kampuni nyingine zina pakiti ya seti tatu kwa bei ya chini kuliko seti tatu moja moja. Vikundi vitatu vya jirani, kwa mfano kwaya moja, vijana wa soko na wale wa Amukura, mkichanga na kutuma pesa kwa simu, mzigo mmoja unakuja na basi, nauli ya mzigo mnagawana. Risiti ibaki kwa mweka hazina, si kwenye mfuko wa suruali ya mpiga gita.

NYUZI BANDIA, NA MAMBO YA BODA

Nyuzi za majina makubwa zinaigizwa. Kampuni ya D'Addario ya Marekani imelalamika hadharani kwa miaka mingi juu ya pakiti bandia. Nyuzi zao za umeme za kweli huja zote sita ndani ya mfuko mmoja uliofungwa hewa isiingie, na pete za mwisho zina rangi: uzi wa kwanza fedha, wa pili zambarau, wa tatu kijani, wa nne nyeusi, wa tano nyekundu, wa sita shaba. Ukikuta pakiti ya jina hilo yenye bahasha sita za karatasi ndani, shuku. Lakini rangi peke yake si ushahidi, kwa maana mwizi naye ana rangi. Angalieni chapa iliyofifia, herufi zilizokosewa, na bei ambayo ni nzuri mno.

Kwangu mimi, nyuzi za kampuni ndogo ya China yenye jina lake mwenyewe juu ya pakiti ni afadhali kuliko nyuzi zilizovaa jina la mwingine. Ile ya kwanza inakuuzia uzi wa kawaida kwa bei ya kawaida. Ile ya pili imeanza kwa uongo, na hujui imemalizia wapi. Fundi wa jua kali mwenye kipimo cha kupimia vyuma vyembamba aweza kuwapimia uzi wa kwanza kama kweli ni 10. Nimeshaona pakiti ya 10 yenye uzi wa 9 ndani. Muuzaji alikataa kubadilisha.

Sasa sisi tunakaa mpakani, na wengi wanasema Kampala kuna bei nzuri. Huenda, na ulinganishe. Lakini kuna kosa moja la kuepuka. Wafanyabiashara wadogo wanajua ule utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa kuvusha bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2000 kwa cheti kinachojazwa pale pale mpakani, bila ushuru wa forodha. Utaratibu huo ni kwa vitu vilivyolimwa au kutengenezwa ndani ya nchi za Jumuiya. Nyuzi zilizotengenezwa Marekani au China hazimo, hata kama zilinunuliwa Kampala. Kijana anayebeba seti yake moja kwa matumizi yake ni jambo lingine. Lakini kikundi kikitaka kuvusha katoni ya kuuza, pitieni kwa maofisa wa forodha Malaba au Busia muulize kwanza. Njia za panya zimewagharimu watu mzigo mzima.

KUZIFANYA ZIDUMU

Adui wa uzi ni jasho. Jasho lina chumvi, na chumvi na chuma hawapatani. Kitambaa kikavu cha pamba kikae ndani ya mfuko wa gita siku zote. Baada ya kupiga, futa kila uzi, juu na chini. Kazi ya dakika moja. Sijaona kitu kingine cha bure kinachookoa pesa namna hii. Anayekula mandazi yenye mafuta anawe mikono kabla ya kushika.

Gita lisilale juu ya sakafu ya udongo wala karibu na jiko. Nyuzi za akiba zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza hewa, pamoja na mchele mkavu kidogo wa kuvuta unyevu.

Nyuzi tatu nene zikififia, mara nyingi si kwamba zimekufa. Uchafu umejaa katikati ya mizunguko ya waya. Zifungue, zikunje taratibu mduara mkubwa, zichemshe kwa maji safi dakika kumi, zifute na kuzianika juani mpaka zikauke kabisa. Zitarudi na uhai kwa muda, pengine harusi mbili tatu. Zile nyembamba msizichemshe, hakuna faida, mtaziletea kutu tu. Na uzi uliochoka kwa kukazwa na kulegezwa hauponi kwa maji moto.

Wakati wa kubadilisha, legezeni uzi kwanza ndipo mukate. Uzi uliokazwa ukikatwa ghafla unaruka, na jicho halina akiba. Badilisheni mmoja mmoja, ili shingo isipate mshtuko wa kuachiliwa zile kilo zote kwa mara moja. Mizunguko miwili au mitatu kwenye kigingi inatosha. Uzi mpya uvute kwa vidole taratibu, utyuni, uvute tena, utyuni tena, mpaka utulie. Msibadilishe nyuzi asubuhi ya harusi. Badilisheni siku moja kabla. Kutyuni sasa ni rahisi, simu nyingi zinaweza kupakua programu ya bure ya kutyunia. Anayezidisha uzi wa kwanza akidhani bado uko chini, kumbe amepita noti yenyewe, ndiye anayeukata.

NANI ALIPE?

Kuna kikundi kimoja cha vijana, sitasema cha wapi. Walinunua gita kwa pesa za harambee, wakawa wanaitwa kwenye harusi na sherehe za shule. Malipo yote yaliingia kwenye sanduku la kikundi na kugawanywa sawa. Lakini nyuzi zikikatika, ilisemekana hayo ni mambo ya mpiga gita. Yule kijana alinunua kwa pesa yake, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Alipoomba arudishiwe, mama mweka hazina akamwuliza mbele ya mkutano, "Mwanangu, mbona jembe la kikundi hatununui kila mwezi?" Watu wakacheka.

Ijumaa jioni, kesho yake wakiwa na harusi, kijana akaja akafungua nyuzi zote sita, akazikunja, akaweka mfukoni. Akasema gita ni lenu, nyuzi ni zangu. Akaenda.

Nilipoitwa, kila upande ulikuwa na maneno yake, na kusema kweli kila upande ulikuwa na haki kidogo. Mama hakuwa mchoyo. Alilinda sanduku kama tulivyomfundisha. Alikuwa hajui tu kwamba uzi si jembe. Uzi ni kama tairi ya bodaboda au mafuta ya posho mill: unaliwa na kazi. Hakuna anayemwambia dereva wa bodaboda ya kikundi anunue tairi kutoka nyumbani kwake, halafu mapato yagawanywe kwa wote.

Walikubaliana hivi. Kila malipo yakiingia, kabla ya kugawana chochote, pesa ya nyuzi inatolewa kwanza na kuandikwa kwenye ukurasa wake. Kiasi kinatoka kwenye ile hesabu ya gharama kwa harusi moja, na wakaongeza kidogo kwa nauli. Seti moja ya akiba na nyuzi tatu za kwanza zinakaa kwa katibu, si kwa mpigaji. Anayechukua anatia sahihi na kurudisha kipande kilichokatika, ili ionekane kimekatika wapi. Kijana alilipwa kwa yale aliyoweza kukumbuka na shahidi, si yote. Alirudi, ingawa hakurudi siku ile ile. Harusi ile waliikosa, na bwana harusi alikwenda kwa kikundi kingine.

KAZI YA KIKUNDI KABLA YA MKUTANO UJAO

Leteni gita mkutanoni na mhesabu mvuto wake kwa namba zilizo kwenye pakiti. Kama pakiti ilitupwa, pimeni uzi wa kwanza kwa fundi. Mpiga gita aeleze ni uzi upi hukatika zaidi na unakatikia wapi, na wengine wamsikilize bila kumkatiza. Mweka hazina aandike harusi na sherehe za miezi sita iliyopita, seti ngapi zilinunuliwa, na nani alizilipia. Kama jina la mtu mmoja linatokea kila mara kwenye safu hiyo ya mwisho, zungumzeni juu ya deni hilo siku hiyo hiyo, akiwepo.